Misheni, Mkataba na Mapinduzi: Imani ya Kikristo katika Ukombozi wa Msumbiji, 1940–1982

Utangulizi

Katika maandiko mengi yanayohusu ukombozi wa Kusini mwa Afrika, umisionari hupewa mojawapo ya nafasi mbili. Wapo wataalamu wanaouona kuwa mkono wa ukoloni, uliotangulia na Biblia ili bunduki ifuate. Wapo pia wanaouona kuwa chemchemi ya uhuru, kwa sababu viongozi wengi wa harakati walisoma katika shule za misheni. Historia ya Msumbiji inazisumbua hoja zote mbili. Katika nchi hiyo Kanisa Katoliki lilifungwa kwa mkataba na dola ya Ureno, lakini mapadri wa kanisa hilohilo ndio waliopeleka nje habari za mauaji ambayo dola ilitaka yasijulikane. Misheni ya Kiprotestanti kutoka Uswisi haikuja kuhubiri mapinduzi, lakini ilimlea rais wa kwanza wa FRELIMO. Na mapinduzi yaliposhinda, shule na hospitali za makanisa yote, ya yule aliyeyapinga na ya yule aliyeyalipia kwa damu, zilitaifishwa kabla mwezi mmoja wa uhuru haujatimia.

Makala haya yanafafanua uhusiano huo kuanzia mwaka 1940, Ureno na Kiti Kitakatifu zilipotiliana saini mkataba, hadi mwaka 1982, Rais Samora Machel alipokutana na viongozi wa dini. Hoja inayojengwa ni kwamba msimamo wa wamisionari mbele ya mapinduzi uliamuliwa kwanza na masharti yaliyowaunganisha na dola: nani aliwalipa, nani aliwapa kibali cha kuingia nchini, nani alimiliki shule, na waumini wao waliishi wapi vita vilipofika. Mafundisho ya imani yalikuwa na nguvu yake, lakini mara nyingi yalikuja baadaye, wakati ambapo padri au mchungaji alilazimika kueleza kwa nini hawezi tena kunyamaza. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki suala hili liko karibu kuliko linavyoonekana. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na baadhi ya migogoro inayojadiliwa hapa ilitokea Kurasini, wala si ng'ambo ya Ruvuma.

Mkataba wa 1940

Tarehe 7 Mei 1940 serikali ya António de Oliveira Salazar na Kiti Kitakatifu zilitia saini Konkordati pamoja na Mkataba wa Kimisionari uliohusu makoloni. Mwaka uliofuata serikali ilitoa Kanuni ya Kimisionari iliyoeleza utekelezaji wake. Kwa hati hizo Kanisa lilipata ruzuku, ardhi na ulinzi wa kisheria kwa misheni zake. Mnamo Septemba 1940 Msumbiji ilipata jimbo kuu la Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, pamoja na majimbo ya Beira na Nampula. Serikali nayo ilipata haki ya kuulizwa kabla askofu hajateuliwa. Mmisionari asiye Mreno aliweza kuingia iwapo tu wakubwa wa Kanisa na wa serikali wameridhia, tena baada ya kukubali kuwa chini ya sheria na mahakama za Ureno na kuachana na za nchi yake.

Sehemu yenye uzito zaidi ilikuwa elimu. Shule za awali za Waafrika zilikabidhiwa kwa misheni za Kikatoliki, na lengo lililotajwa bayana lilikuwa kumfanya mtoto wa Kiafrika kuwa Mreno kwa lugha, kwa tabia na kwa moyo. Kireno kilikuwa lugha ya darasani. Lugha za wenyeji ziliruhusiwa katika mafundisho ya dini. Hivyo basi, katika vijiji vingi mlango wa kusoma na mlango wa ubatizo ulikuwa mmoja. Samora Machel mwenyewe, aliyezaliwa Gaza mwaka 1933, alipata elimu yake ya mwanzo katika shule ya misheni ya Kikatoliki. Matokeo ya mpango huo yanaweza kupimwa kwa jambo moja tu: Msumbiji ilipopata uhuru, zaidi ya asilimia 90 ya watu wake hawakujua kusoma na kuandika. Dola iliyolikabidhi Kanisa shule haikukusudia shule hizo zifike mbali.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kuwa mkataba ulifunga vinywa vyote. Sebastião Soares de Resende, askofu wa kwanza wa Beira kuanzia mwaka 1943, alikuta wakulima wakilazimishwa kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya Ureno, katika mfumo uliosimamiwa na bodi ya pamba iliyoanzishwa mwaka 1938. Familia zilipanda pamba mahali palipopaswa kuwa na chakula, kisha zikauza kwa bei iliyopangwa na kampuni. Resende aliilaumu hali hiyo katika nyaraka zake za kichungaji, na gazeti alilolianzisha mwaka 1950, Diário de Moçambique, lilisumbuliwa mara kwa mara na wakaguzi wa serikali. Lakini hakuwa mpigania uhuru. Alitaka Ureno itawale kwa haki, na hadi alipofariki Januari 1967 hakuivuka hatua hiyo. Hapa mpaka wa mkataba unaonekana wazi: askofu aliweza kukosoa matendo ya dola kwa ukali, ilhali uhalali wa dola yenyewe ulikuwa msingi wa ofisi yake.

Misheni iliyokuwa nje ya mkataba

Waprotestanti walivumiliwa tu. Hawakupewa ruzuku, shule zao ziliwekewa vizuizi, na maofisa wa Ureno waliwashuku kuwa wanapanda utaifa wa kigeni. Shuku hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, ingawa si kwa namna ambayo maofisa walidhani.

Misheni ya Uswisi, yenye asili ya Presibiteri, ilikuwa kusini mwa Msumbiji tangu miaka ya 1880. Wamisionari wake waliandika sarufi, walitafsiri Maandiko na kufundisha kwa Kitsonga na Kironga. Kwa kufanya hivyo walizifanya lahaja zilizotawanyika kuwa lugha za maandishi, na kuwapa wasomaji wake njia ya kujiona kuwa jamii moja inayovuka mipaka ya vijiji. Katika miaka ya 1930 misheni hiyo ilianzisha makundi ya vijana yaliyoitwa mintlawa, ambamo mmisionari André-Daniel Clerc alikuwa na mchango mkubwa. Vijana waligawanywa katika vikundi vidogo vyenye viongozi wao wenyewe. Walijifunza kazi za mikono, hadithi na nyimbo za kwao, na kutoa uamuzi kwa kujadiliana. Mwanahistoria Teresa Cruz e Silva ameonesha kwamba malezi haya yalikuza utambuzi wa kisiasa bila kutaja siasa. Hoja yake ina nguvu hasa ukilinganisha na shule ya mkataba. Katika shule ile mtoto alifunzwa kwamba cha kwake ni cha kuachwa. Katika mintlawa alifunzwa kukiongoza.

Eduardo Mondlane, aliyezaliwa mwaka 1920 Manjacaze, alipitia njia hiyo. Kwa kuwa koloni halikumpa mahali pa kuendelea na sekondari, misheni ilimtafutia nafasi Lemana, shule yake iliyokuwa Transvaal nchini Afrika Kusini. Kutoka hapo alifika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akafukuzwa mwaka 1949 chini ya serikali mpya ya ubaguzi wa rangi, akapita Lisbon, kisha akasoma Marekani katika chuo cha Oberlin na Chuo Kikuu cha Northwestern. Ukiufuatilia mlolongo huo, utaona kuwa karibu kila daraja la mwanzo lilijengwa na mtandao wa kanisa: barua ya mmisionari, fedha za marafiki wa misheni, shule ya dhehebu. Mondlane hakuusahau mchango huo. Lakini katika kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji, kilichotolewa mwaka 1969, aliilaumu vikali elimu ya mkataba na Kanisa lililoisimamia.

Huko kaskazini hali ilitofautiana tena. Kwenye Ziwa Nyasa misheni ya Kianglikana ya Messumba ilikuwa tunda la UMCA, shirika lilelile lililojenga kanisa kuu Zanzibar na kufanya kazi Masasi. Kwa Mwanglikana wa Niassa, ndugu wa imani walikuwa Likoma na Tanganyika zaidi kuliko Lourenço Marques. Vita vilipoanza, njia za kanisa zilikuwa pia njia za wakimbizi. Uwanda wa Wamakonde nao ulihudumiwa na mapadri Waholanzi wa shirika la Montfort. Mwezi Agosti 1964, wiki chache kabla FRELIMO haijaanza vita rasmi tarehe 25 Septemba, mmoja wao, Padri Daniel Boormans, aliuawa karibu na Nangololo na kundi lisilokuwa chini ya FRELIMO. Mmisionari mgeni aliweza kushukiwa na Wareno kwa sababu si Mreno, na kuuawa na wapiganaji kwa sababu ni mweupe.

Kurasini

Iwapo malezi ya misheni yangetosha kueleza siasa za mtu, watu wa kanisa waliokuwa ndani ya FRELIMO wangesimama upande mmoja. Hawakusimama hivyo. Mondlane alikuwa mlei wa Presibiteri, naye makamu wake Uria Simango alikuwa mchungaji. Mwaka 1967 alifika Dar es Salaam Padri Mateus Gwengere wa Jimbo la Beira, aliyekuwa amewahamasisha vijana, wakiwemo waseminari, wajiunge na harakati. Ndani ya miezi michache padri huyo akawa sauti ya wanafunzi waliogomea uongozi wa Taasisi ya Msumbiji iliyokuwa Kurasini. Malalamiko yao yalikuwa mawili: kupelekwa vitani badala ya masomoni, na kuwepo kwa walimu weupe. Machi 1968 vurugu ziliifunga shule, na walimu Wareno walioiunga mkono FRELIMO wakalazimika kuondoka Tanzania mwaka huohuo.

Mgogoro huu umezoeleka kuelezwa kama ugomvi wa rangi au wa kikabila. Maelezo hayo yanaacha nje suala la shule. Kwa kijana aliyetoka seminari, masomo yalikuwa njia ya pekee ambayo misheni ilimfungulia, naye alidai aendelee nayo hadi mwisho. Kwa uongozi wa FRELIMO, shule ilikuwa mali ya mapinduzi, na mwanafunzi alipaswa kwenda atakakotumwa. Gwengere na Mondlane, padri na mwana wa misheni, walikuwa wakigombea jibu la swali ambalo mkataba wa 1940 ulikuwa umekwisha kulijibu kwa namna yake: elimu humfanya mtu kuwa wa nani?

Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu tarehe 3 Februari 1969, Oysterbay. Mchungaji Mmarekani Edward Hawley, aliyewahudumia wakimbizi jijini, alihubiri katika maziko yake. Simango alitupwa nje ya uongozi mwaka huohuo. Yeye na Gwengere waliuawa na serikali ya FRELIMO baada ya uhuru, bila mahakama ya wazi. Ukweli huo haufai kupitwa kimya na yeyote anayeandika kuhusu imani na mapinduzi.

Walioandika majina ya wafu

Kufikia mwaka 1970 mazingira ya nje yalikuwa yamebadilika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufanyika. Waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1967 kuhusu maendeleo ya watu ulikuwa umekiri, kwa tahadhari kubwa, kwamba upo udhalimu wa muda mrefu unaoweza kubadili hukumu ya kawaida dhidi ya uasi. Tarehe 1 Julai 1970 Papa aliwapokea Marcelino dos Santos wa FRELIMO, Agostinho Neto wa Angola na Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau, jambo lililoikasirisha Lisbon. Mwezi Septemba Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilitenga dola 200,000 kwa vyama 19 vilivyopinga ubaguzi wa rangi, FRELIMO kikiwa mojawapo. Hata hivyo, ndani ya Msumbiji maaskofu wengi walibaki na lugha ya mkataba.

Mpasuko wa kwanza mkubwa ulitoka kwa Mapadri Weupe. Mei 1971 mkuu wa shirika, Théo van Asten, alitangaza kwamba wanajiondoa Msumbiji wote. Sababu aliyoitoa ilihusu utata: kuwepo kwao kulikuwa kukitafsiriwa na watu kama kuukubali utawala, na maaskofu hawakuwa tayari kuondoa utata huo. Serikali iliwafukuza kabla hawajamaliza kufungasha. Uamuzi wao ulisifiwa na kulaumiwa. Waliobaki waliuliza ni nani angekaa na waumini. Swali hilo lilikuwa la haki, na miaka miwili iliyofuata ililipa uzito mkubwa zaidi.

Waliobaki mkoani Tete walikuwa pamoja na mapadri Wahispania wa taasisi ya Burgos. Mwaka 1971 walipata habari za mauaji ya wanavijiji huko Mucumbura, wakayaandika. Alfonso Valverde na Martín Hernández walikamatwa Januari 1972 na kukaa gerezani Machava karibu miaka miwili. Wakati uleule mapadri wawili Wareno wa parokia ya Macuti, Beira, waliingia mahabusu: mmoja alikuwa ameyataja mauaji hayo katika mahubiri ya Siku ya Amani, na wote wawili walishtakiwa pia kwa kutoruhusu skauti kuingiza bendera ya Ureno kanisani. Shtaka la bendera linaeleza mengi. Chini ya mkataba, altare na bendera vilikuwa vimekaa pamoja miaka 30 bila mtu kuuliza.

Kwa Waprotestanti mkono wa polisi wa siri ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa hawakuwa na Konkordati ya kuwalinda. Mwaka 1972 viongozi wengi wa Kanisa la Presibiteri walitiwa ndani. Mchungaji Zedequias Manganhela, rais wa sinodi, alikutwa amekufa Machava tarehe 11 Desemba. Wakuu wa gereza walisema amejinyonga.

Siku tano baadaye, tarehe 16 Desemba 1972, makomando wa Ureno waliingia Wiriyamu, Chawola na Juwau, vijiji vilivyo kusini mwa mji wa Tete, baada ya ndege kushambulia. Watu walipigwa risasi na kuchomwa ndani ya nyumba zao. Walionusurika walifika Tete, na hapo Padri Domingos Ferrão, Mwafrika, pamoja na mapadri wa Burgos, walianza kukusanya majina. Waliandika nani amekufa na, pale ilipowezekana, umri wake na ndugu zake. Taarifa ilifika Hispania kwa siri, na kutoka huko kwa Adrian Hastings, padri Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Masaka, Uganda. Gazeti la The Times la London liliichapisha tarehe 10 Julai 1973, siku chache kabla Waziri Mkuu Marcello Caetano hajawasili Uingereza kuadhimisha miaka 600 ya urafiki wa nchi hizo. Ureno ilijibu kuwa hakuna kijiji chenye jina hilo kwenye ramani. Utafiti wa baadaye wa Mustafah Dhada umewataja waliouawa 385.

Inafaa kuuliza kwa nini habari hizi zilitoka kwa mapadri na si kwa FRELIMO, iliyokuwa na redio, magazeti na marafiki wengi. FRELIMO ilikwisha kulalamikia mauaji mara nyingi. Maneno yake yalichukuliwa kuwa ya adui wa vitani. Mapadri walikuwa na kitu kingine: orodha. Kuandika majina ya wabatizwa, wafunga ndoa na marehemu ni kazi ya kawaida ya parokia, ndogo na ya kuchosha, na mkataba wenyewe ndio uliowaweka vijijini waifanye kwa lugha ya watu. Dola ilikuwa imewalipa wamisionari ili wawajue raia wake. Haikutarajia kwamba wangewajua kiasi cha kuweza kuwataja mmoja mmoja walipokufa. Kwa mtazamo huu, mchango mkubwa wa umisionari katika kuuangusha ukoloni wa Kireno ulikuwa wa kikarani zaidi kuliko wa kinabii, na hilo halipunguzi ujasiri wake.

Nampula, Askofu Manuel Vieira Pinto alikwenda mbali kuliko maaskofu wenzake. Mwezi Februari 1974 yeye na wamisionari Wakomboni walitoa tamko lililodai haki ya watu wa Msumbiji kujiamulia, na kulitaka Kanisa lijitenge na mkataba wa 1940. Alifukuzwa nchini tarehe 14 Aprili. Siku 11 baadaye wanajeshi waliipindua serikali mjini Lisbon.

Shule inarudi mikononi mwa dola

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Tarehe 24 Julai serikali ilitaifisha elimu, afya na huduma za mazishi. Februari 1977 FRELIMO ilijitangaza kuwa chama cha Kimarx na Kilenini, na mwumini anayefahamika akapata shida ya kupokelewa kuwa mwanachama. Makanisa kadhaa yalifungwa, nyumba za misheni zikageuzwa ofisi au bweni. Mashahidi wa Yehova, walioteswa na Wareno kwa kukataa kuitumikia dola, walikataa pia kaulimbiu za chama kipya. Maelfu yao walihamishiwa kwa nguvu Carico, wilaya ya Milange.

Ufafanuzi uliozoeleka huutaja Umarx kuwa chanzo cha sera hii. Umarx ulikuwepo, lakini hautoshi. Tanzania nayo ilitaifisha shule za mashirika ya dini baada ya Azimio la Arusha bila kufunga makanisa, na Nyerere aliendelea kuhudhuria misa. Kilichoitofautisha Msumbiji ni urithi wa mkataba. Viongozi wa FRELIMO walikuwa wamekua wakiona shule, ubatizo na uraia vikitolewa kwenye dirisha moja. Walipolitwaa dirisha hilo hawakulivunja; walibadilisha aliyekaa nyuma yake. Imani kwamba shule ya dola humzaa mtu mpya, na kwamba taasisi yoyote inayolea vijana kando yake ni hatari, ilikuwa ya Salazar kabla haijawa ya Machel. Ndiyo maana Kanisa la Presibiteri, lililomlea Mondlane na kumpoteza Manganhela, lilinyang'anywa shule sawa na Kanisa lililobariki majeshi.

Desemba 1982, vita vya RENAMO vikiwa vimeenea na chakula kikiwa haba, Machel aliwaita viongozi wa Kikatoliki, Kiprotestanti na Kiislamu mjini Maputo. Aliwasikiliza na kuwataka washirikiane na serikali katika umoja wa taifa. Vizuizi vilianza kulegezwa. Miongoni mwa maaskofu wa Msumbiji wa wakati huo alikuwemo Vieira Pinto, aliyekuwa amerejea Nampula ukoloni ulipoanguka. Alikaa huko hadi mwaka 2000, na chini ya serikali mpya kama chini ya ile ya zamani, aliendelea kuandika.